Ejo Saa Sita

Siku tatu kabla ya kukabidhiwa barua ya kuongoza Taasisi ya Sinema ya Kamembe, Laurence Nyirahabimana aliletewa mezani ugali, sambaza na habari mbaya, na habari ndiyo iliyomshibisha. Aliyeileta ni binti yake Tumukunde, mwanafunzi wa darasa la kwanza la taasisi hiyohiyo, na aliileta kwa nia njema, kama zinavyoletwa habari nyingi za namna hiyo.

Tumukunde alikuwa akimalizia filamu ya dakika ishirini, ya kwanza kutengenezwa pale, juu ya siku ambazo redio ilikuwa ikisoma majina ya watu waliopotezana vitani. Bodi kutoka Kigali ingeitazama Alhamisi saa nne, na baada ya filamu mama yake angepewa barua. Picha zilikuwa tayari. Kilichobaki ni sauti ya kusimulia, na kuanzia Mururu mpaka ng'ambo ya mto huko Bukavu, upande wa Kongo, sauti ya kazi hiyo ilikuwa moja tu: ya Mzee Mudathiru, aliyekuwa mtangazaji wa Redio Daraja kabla ya kufukuzwa. Asubuhi ile binti alikwenda kumwomba. Mzee alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa.

"Alisema kinywa chake njo kiliua muke wake," Tumukunde alisimulia kwa Kiswahili cha Bukavu, ambacho 'ndiyo' yake ni 'njo'. "Eti karatasi iliandikwa 'kesho', yeye akasoma 'jana'. Muntu wa kinywa kama kile hawezi kusimulia mambo ya bengine." Akamgeukia mama yake. "Maman, mulikuwaka mukubwa wake. Mukienda ninyi, hatakataa."

Laurence alisema ataona. Mumewe Rutayisire, mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache na macho mengi, alimtazama mkewe, kisha akajishughulisha kutoa miiba kwenye sambaza, kisamaki ambacho watu hukitafuna kizima na mkia wake. Katika dunia nzima ni yeye peke yake aliyejua.

*

Na wewe msomaji ujue sasa hivi, kwani sioni sababu ya kukuficha kile ambacho Laurence aliwaficha watu kwa miaka mitano.

Mwezi wa nane mwaka 1998, vita vya pili vya ng'ambo vilipoanza, Laurence ndiye aliyekuwa mkuu wa Redio Daraja, redio ya umma ya mkoa. Alizaliwa Bukavu, akasomea Bukavu, akarudi na wazazi wake katika nchi yao ya asili, upande huu wa mpaka, ambayo alikuwa hajawahi kuiona. Kifaransa alikuwa nacho, Kiswahili alikuwa nacho cha kugawia watu, ila Kinyarwanda chake kilikuwa cha jikoni, cha kuitwa kula na kutumwa maji. Wenyeji waliwacheka sana watu wa kutoka Kongo kwa jambo hilo. Siku moja mkutanoni alitamka neno likatoka vibaya, ukumbi mzima ukacheka, na mlinzi wa mlangoni akaendelea kucheka hata watu walipokwisha kutoka. Tangu siku ile Laurence alijiapiza kwamba hatamwuliza mtu maana ya neno la Kinyarwanda mpaka afe.

Basi jioni moja ya mwezi ule ililetwa karatasi kutoka mpakani, haina tarehe, imeandikwa kwa haraka: *Gufunga ikiraro: ejo saa sita.* Kufunga daraja, lile la mpakani la kuvukia Bukavu, ejo, saa sita mchana. Sasa hilo neno *ejo* lina milango miwili. Kwa Kinyarwanda jana ni ejo, na kesho pia ni ejo. Mtu huelewa kutokana na kitenzi kama jambo limepita au linakuja. Kitenzi cha karatasi ile, 'kufunga' tu, hakikuonyesha wakati. Na kwa siku tatu mfululizo daraja lilikuwa likifungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo cha sokoni, hata jirani wa daraja asingeapa kama lilikuwa wazi au la. Ilitosha kuchungulia dirishani na kumwuliza mlinzi, mwenye lugha yake, amri iliyoandikwa namna hiyo huwa ya lini. Laurence alimwona mlinzi, akakumbuka kicheko, akachukua kalamu akaandika Kiswahili chake kizuri: *Daraja lilifungwa jana saa sita mchana.* Mudathiru akaisoma katika taarifa ya saa moja jioni, herufi kwa herufi kama alivyopewa.

Daraja lilikuwa wazi asubuhi nzima iliyofuata, likafungwa saa sita.

Ng'ambo, katika mtaa wa Kadutu, Zulaikha mke wa Mudathiru alikuwa amekwenda kumwuguza dada yake aliyejifungua. Alikwisha kufunga vitu vyake kwenye kitambaa ili avuke alfajiri. Aliposikia redio alikaa chini, akaanza kuvifungua kimoja kimoja. "Mume wangu amesema lilifungwa jana," alimwambia dada yake, na maneno ya mume wake wa redioni hakuwahi kuyatilia shaka. Wiki tatu baadaye kipindupindu kilimchukua kwenye njia ya Walungu, katikati ya watu wanaokimbia. Dada yake ndiye aliyekuja kumweleza Mudathiru, na akaeleza yote, na kile kitambaa, na yale maneno, mbele ya mtoto wao wa pekee, Nasiba, msichana wa miaka kumi na sita.

Tume ya serikali ilipokuja kuuliza juu ya tangazo lile, Laurence alisema aliandika 'kesho'. Karatasi zote mbili, ya mpakani na yake, alikwisha kuzitia motoni. Mudathiru, akiwa kwenye matanga, aliambiwa na mkuu wake kwamba alisoma vibaya, akaamini, kwa sababu mtu aliyefiwa huamini lolote linalomwumiza. Akafukuzwa. Nasiba akahamia kwa shangazi yake na tangu siku hiyo hakula tena sahani moja na baba yake. Watu wa Kamembe, ambao hawakosi methali, wakawa wakipita mbele ya kibanda chake na kusema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Na Laurence akaandikiwa barua ya pongezi kwa kusimamia nidhamu.

*

"Usifukue," Rutayisire alimwambia mkewe alasiri ya siku ile, Tumukunde alipokwisha kuondoka. Walikuwa uani, wakianua nguo za kamba nzima maana mvua ilikuwa inakuja. Alisema kwa sauti ya chini na kwa mpangilio, kama anayeandika ubaoni. Kwanza, Zulaikha hatafufuka. Pili, tangazo la uongo wakati wa vita lina jina lingine mbele ya askari, uhaini, na uhaini hausamehewi kwa kuwa mtu aliona haya. Tatu, kama ni lazima, basi na iwe baada ya Alhamisi.

"Baada ya Alhamisi sitasema," Laurence alisema.

"Njo vizuri."

Alimpenda mume wake, na alijua kwamba hofu yake ilikuwa ya kweli. Walikuwa wamehama mara tatu katika maisha yao wakiwa na magodoro kichwani; nyumba hii ndiyo ya kwanza ambako walipanda parachichi na kungoja lizae. Akakunja shuka, akakubali. Aliona aibu jinsi alivyokubali kwa wepesi.

*

Jumanne Mudathiru alikuja mwenyewe ofisini kwa Laurence, pale taasisini.

Laurence alimsikia kabla hajamwona. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na kule nje sekretari Uwamahoro, mgeni kutoka Kigali, alikuwa akimwuliza yule mzee jina lake. Akalitaja. Akaambiwa alitaje polepole, herufi kwa herufi. Watu wawili waliokuwa kwenye benchi walinyanyua vichwa, kwa kuwa sauti ile waliijua tangu zamani. Ilikuwa imewasomea majina ya ndugu zao. Mzee akalitaja herufi kwa herufi, bila kinyongo, huku akishika mwavuli wa mtu aliotoka kuutengeneza, maana siku hizi kazi yake ilikuwa kushona viatu na miavuli. Sekretari akamwuliza kama anataka kuomba kazi ya ulinzi.

Laurence alitoka haraka akamwingiza ndani. Mudathiru hakutaka kukaa. Alikaa alipoombwa mara ya pili, kwenye ncha ya kiti.

Alikuja kuomba radhi, alisema, kwa kumkatalia mtoto wao. Akampongeza kwa cheo. Akasema cheo kimefika kwa mtu wake. Kisha akamshukuru, na hapo ndipo Laurence alipotamani ardhi ipasuke, kwa sababu Mudathiru alimshukuru kwa mwaka wa 98.

"Ingekuwa mukubwa mwengine, ningelala kachoti," alisema, akimaanisha jela. "Ninyi mulinifukuza tu. Sijasahau."

 Laurence akauliza habari za Nasiba. Mzee akasema Nasiba anaolewa Ijumaa, baada ya swala, na kijana mzuri, fundi wa magari. Hina ni Alhamisi asubuhi kwa shangazi yake.

"Basi wewe ndiye utakayemwozesha," Laurence alisema, kwa sababu alijua kwamba kwa Waislamu baba ndiye walii wa binti yake.

"Ametuma muntu kuniomba niachie amu yake." Alisema hivyo akiutazama mwavuli. "Nimekubali. Mutoto ana haki. Atakubalije mukono wa muntu wa kinywa kile umwozeshe?"

Kisha akasema lile lililomleta hasa. Alitaka kujua kama kaseti ya taarifa ya siku ile ipo, hapa kwenye taasisi ambako sasa wanakusanya kaseti za zamani. Aisikilize mara moja tu.

"Ya nini, Papa Nasiba?"

"Nataka nisikie ni wapi niliteleza. Juu miye, Maman, kila nikifunga macho naona ile karatasi, na mule ndani iko imeandikwa 'jana'. Kwa mukono wenu. Naiona vile nawaona ninyi. Miaka tano sasa. Nilienda hata kwa shehe, nikamwambia kuna shetani ananionyesha uongo ili nimwekee muntu mwengine kosa langu. Akanipa dua za kusoma." Akatabasamu kidogo, kwa aibu. "Nasoma, lakini karatasi inabakia vilevile."

Laurence alimwambia kaseti zile zilifutwa na kurekodiwa vipindi vingine. Hilo lilikuwa kweli. Lilikuwa neno la kweli la pekee alilompa mzee yule katika miaka mitano, na alilitumia kumfungia mlango. Mudathiru akashukuru tena, akachukua mwavuli wa watu, akatoka.

Kwenye meza ya Laurence ratiba ya Alhamisi ilikuwa imekwisha kuchapwa. Chini ya jina lake sekretari alikuwa ameweka wasifu: mwaka wa kuzaliwa, diploma, mkuu wa vipindi, mkurugenzi wa redio ya umma, na mstari mmoja uliosema kwamba wakati wa vita alisimamia nidhamu ya utangazaji kwa ujasiri. Alisoma mstari huo mara tatu. Kisha akaenda kunawa uso.

*

Alhamisi kulinyesha tangu alfajiri. Saa mbili Laurence alikuwa amevaa suti ya kitenge aliyoshonewa kwa siku hiyo. Rutayisire alikuwa amempigia viatu rangi kwa mkono wake mwenyewe. Tumukunde alikuwa amekwisha kutangulia kufunga mashine ya kuonyeshea. Mwishowe filamu yake ilikuwa imewekwa sauti ya mwanafunzi mmoja, nzuri ya kutosha.

"Napita mahali kwanza," Laurence alisema.

Rutayisire alielewa palepale. Aliweka kitambaa cha viatu chini. "Laurence, subiri mpaka saa sita. Masaa mane tu."

"Nikishaishika ile barua, nitanyamaza mpaka kaburini. Najijua." Kifungo cha mwisho cha koti lake kilikuwa bado wazi. "Na nikienda kwa Mudathiru kwanza, atanisamehe. Atanisamehe mbele sijamaliza hata kusema, miye nitarudi nyumbani nikisema nimemaliza. Sitaki. Naenda kwa yule ambaye hatanisamehe."

Mume wake alisimama mlangoni kwa muda, na Laurence alidhani atamzuia. Akamfunga kile kifungo, akampisha.

Kwa shangazi yake Nasiba, mtaa wa Waislamu, chumba kilikuwa kimejaa wanawake, chai ya tangawizi na vicheko. Bibi harusi alikuwa ameketi kwenye mkeka, mikono yote miwili imenyooshwa mbele, hina mbichi imepandishwa mpaka kwenye viwiko. Walipomwona Maman Direktrisi mlangoni walifurahi. Walidhani ameleta zawadi. Wakamtafutia kiti. Alikataa kiti. Aliomba aongee na bibi harusi peke yake, na shangazi akacheka akasema mwenye hina mbichi haondoki, maneno yote ya leo yanasemewa hapa.

Basi Laurence akapiga magoti kwenye mkeka na suti yake mpya, na akasema mbele yao wote. Hakupamba. Alisema karatasi ilikuja imeandikwa *ejo*. Alisema yeye ndiye aliyeandika 'jana', kwa mkono wake, na Papa Mudathiru akasoma vile alivyopewa. Alisema tume ilipokuja alidanganya. Kufikia hapo kicheko kilikuwa kimekufa chumbani, na yule mpakaji wa hina alikuwa ameshika koni yake hewani, hina inadondoka kwenye mkeka.

Nasiba hakulia. Alimtazama Laurence kama anayemtafuta mtu mwingine nyuma ya uso ule.

"Haukujua *ejo* ni nini?"

"Nilijua iko mbili. Sikujua ni ipi."

"Pale redioni mulikuwa bantu wangapi?"

"Kumi na moja."

"Na juu ya nini haukuuliza hata mumoja?"

 Jibu la Laurence lilikuwa dogo. "Nilisikia haya. Bangenicheka."

"Haya," Nasiba alisema. Alilirudia neno lile taratibu. "Mama yangu alikufa juu ya haya. Na miye nimekataa mukono wa baba yangu miaka tano."

Shangazi akaanza kusema kitu, kitu kikali, na mwanamke mmoja akasema huyu apelekwe mbele ya serikali leoleo. Laurence alikubali kwa kichwa; alikuwa amekwisha kulifikiria hilo. Lakini Nasiba alikuwa anainuka, mikono juu ili hina isiguse kitu. Wakamwambia mvua inanyesha. Wakamwambia bibi harusi hatoki nje siku ya hina. Alivuka mkeka mpaka mlangoni, akasimama, kwani hakuwa na mkono wa kufungulia.

"Fungua," alimwambia Laurence. Hakusema Maman.

Laurence akafungua.

*

Walishuka barabara pamoja, mmoja peku na mikono mbele, mwingine amevua koti la kitenge na kulitandaza juu ya ile mikono ili mvua isiioshe. Watu walisimama chini ya mabati ya maduka wakiwatazama. Nasiba alitembea haraka, na Laurence, mwenye viatu virefu, alilazimika kukimbiakimbia kando yake na mikono imenyanyuliwa kama mtumishi.

Ilibidi wapite mbele ya taasisi. Magari mawili ya bodi yalikuwa yamekwisha kuegeshwa. Rutayisire alikuwa kwenye lango na mwavuli, na alipomwona mkewe akilowa katika blauzi, alisogea kando awapishe. Tumukunde alitoka mbio, akasema Maman, bageni bamefika, ni saa nne kasoro tano. Halafu akaona mikono ya Nasiba na nyuso zao. Laurence alimwambia awaambie wageni waanze filamu, na kwamba akirudi ana maneno ya kuwaeleza, na huenda wakaondoka na barua yao. Hakusimama wakati anasema. Nasiba hakuwa anamngoja.

Kibanda cha Mudathiru kilikuwa nyuma ya soko, mlango wa bati umerudishwa kwa sababu ya mvua. Nasiba alifika kwanza. Akanyoosha mikono kugonga, akaikumbuka hina, akagonga kwa goti.

"Nani?" sauti iliuliza kutoka ndani, ile sauti.

Laurence alifungua kinywa, kwa kuwa alidhani ni zamu yake ya kusema. Nasiba akatikisa kichwa.

Mlango ulifunguka. Mudathiru alikuwa na sindano ya viatu mkononi na uzi mdomoni. Alimwona binti yake, akaona hina, akaona miguu peku yenye tope, na uso wake ukaingiwa na hofu kwamba kuna mtu mwingine amekufa. Hakumwona hata Laurence.

"Papa," Nasiba alisema. "Mulisoma vizuri."

Mzee alitoa uzi mdomoni. Hakuelewa. Akasema kile alichokuwa akisema studio zamani kila alipoletewa jina lisilosomeka vizuri, asije akamwita mtu asiyekuwa yeye.

"Rudia."

"Siku ile. Karatasi iliandikwa 'jana', mukasoma 'jana'." Sasa alikuwa analia, mikono imebaki hewani, hana cha kujifutia. "Mulisoma vizuri, Papa."